Kilo Nne Upande wa Valvu

Ukiuliza transfoma hapa Nakuru, mtu wa kwanza anatazama juu kwenye nguzo ya stima. Wa pili anakutazama wewe, akijiuliza kama ni wewe unayefyonza mafuta yaliyomo ndani yake na kuwauzia wenye vibanda vya chipsi. Nimezoea. Mimi ni fundi wa amplifaya, nina duka langu ambalo hakuna mtu alinisaidia kulifungua, na transfoma ninayotafuta inakaa kwenye kiganja. Lakini kila nikiitaja lazima kwanza nijitetee kama mtu aliyeshikwa.

Shule niliacha darasa la nne. Kazi nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la redio karibu na stesheni. Nilianza kwa kumfagilia, nikamaliza nikimtengenezea kazi zilizomshinda. Mambo ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya za zamani, nayajua kwa mkono, na maneno yake nayajua vile yeye alivyoyasema. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atayasikia vingine.

Amplifaya iliyonitesa juzi ni ya mpiga gitaa mmoja wa Mai Mahiu, mzee rika langu. Kila Jumamosi mchana anapigia madereva wa malori kwenye hoteli moja ya nyama choma huko chini ya mteremko wa eskapmenti, na amepiga hapo tangu jiko la hoteli likiwa mawe tu. Amplifaya yake ni ya valvu. Siku hizi watu wanaziita tube, na ukienda mjini ukaitisha tube unaelekezwa kwa watu wa panchari. Mimi nitakufa nikisema valvu.

Alinishushia hilo sanduku kwa meza, akafuta jasho.

"Imenyamaza," akasema.

"Ilinyamaza vipi?"

"Ilinyamaza tu, fundi."

"Hakuna kitu kinanyamaza tu. Hata wewe ukinyamaza kuna mtu amekuudhi."

Ilibidi nimkamue kama ng'ombe mkaidi. Kumbe mhudumu mwenye sahani za nyama alijikwaa kwenye waya wa spika, ukachomoka. Bwana mkubwa hakuona. Akaona tu sauti imepotea, na badala ya kugeuka aangalie nyuma, akaendelea kupiga huku akiongeza volyumu. Amplifaya ya valvu ikikosa spika, nguvu haina pa kwenda. Inarudi ndani. Inatafuta transfoma ya sauti, ile inayosimama kati ya valvu na spika, na inaiua. Niligeuza sanduku na harufu ikaniambia yote kabla sijashika testa.

"Uliongeza volyumu?"

"Sasa ningefanya nini? Watu walikuwa wanangoja."

Nilimtukana kidogo, ya kutosha. Kisha akaniambia lililobaki. Mwenye hoteli alikuwa amempa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Amplifaya isipolia siku hiyo, ataweka mwalimu wa kwaya mwenye kinanda, kile cha kubonyeza na ngoma zinapiga zenyewe. Huyu mzee shamba hana. Mke alitangulia. Anakaa kwenye chumba cha nyuma kwa binti yake, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeanza kukataa kukunja. Hiyo Jumamosi ndiyo inayofanya aitwe mwanamuziki. Siku zile nyingine zote yeye ni babu wa kuambiwa asogeze kiti ili watu wafagie.

"Nitaitengeneza," nikamwambia.

"Kabla ya hiyo Jumamosi?"

"Kwani nimesema baada?"

Mtu wa nje anadhani hapo kazi ni rahisi: toa iliyoungua, tafuta kama hiyo, weka. Lakini nilipoifungua nikaona mashimo manne ya zamani kwenye bati, na skrubu za transfoma hazikupita hata kwenye moja. Zilipitia mashimo mengine, yaliyotobolewa na mtu asiye na aibu. Kwa hiyo hata iliyoungua haikuwa ya hapo. Fundi fulani, zamani, aliing'oa kwenye amplifaya ya kanisa au ya sinema, akaona inaingia, akafunga, akala hela. Yaani huyu mwanamuziki amepiga miaka yote hiyo na transfoma ndogo isiyolingana na valvu zake. Ningenakili hiyo ningekuwa nanakili ujinga wa mtu mwingine.

Basi ilibidi nichague kuanzia mwanzo. Unaangalia valvu ni gani na ni ngapi. Hii ilikuwa na mbili kubwa, moja inasukuma nyingine inavuta. Unaangalia spika inataka nini. Kazi ya transfoma ni kuwapatanisha hao wawili, maana wanaongea lugha tofauti: spika yake ni nane, valvu zinataka kuona elfu nne, kwa kipimo cha omu, yaani namna kitu kinavyoizuia stima. Ukikosea, ama valvu zinapikika, ama gitaa linasikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia.

Nilianza na rafu yangu. Niko na transfoma nyingi za zamani zilizofia humu, na ninajua kuzipima. Unatia stima kidogo upande wa spika, unapima inatoka ngapi upande wa pili, unagawa, jibu unalizidisha kwa lenyewe, halafu unalizidisha kwa nane ya spika. Hesabu hiyo Mhindi alinifundisha juu ya kipande cha katoni, na sijawahi kuisahau. Nilipima zote. Zilizokaribia hesabu zilikuwa ndogo, za redio, zingeungua kabla wimbo wa kwanza haujafika nusu. Iliyokuwa kubwa ilikuwa imekatika ndani.

Nikaenda mjini, duka la vitu vya stima. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni, hakuniacha nimalize.

"Mzee, transfoma ni transfoma. Hii inatoa volti kumi na mbili."

"Sitaki kumi na mbili."

"Basi ishirini na nne."

"Sitaki ishirini na nne."

"Unataka ngapi, basi?"

"Sitaki inayotoa. Nataka inayopatanisha."

Akamwangalia mwenzake. "Labda mzee anataka kwenda kwa pasta akapatanishwe," akasema, wakacheka wote wawili. Nikatoka.

Binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, akanitumia kwa simu picha za transfoma zinazouzwa ng'ambo. Nzuri kabisa, zimepakwa rangi nyeusi, miguu yake ya waya imepangwa kwa rangi. Lakini huko wanakuuliza jina la amplifaya na nambari yake. Hii haina jina, kibao kilibanduka zamani. Nikamwambia awaandikie kwamba ni ya valvu mbili kubwa. Wakajibu kwa swali lingine. Akawajibu, wakauliza lingine. Na hata wangeelewa, kitu cha chuma kizito kinasafiri polepole, kikifika kinakaa tena huko kwa watu wa kodi, na mwisho wa mwezi haungojei mtu wa kodi.

Ikabaki kufungwa hapa hapa, yaani chuma kuzungushiwa waya mzunguko kwa mzunguko. Mtaa wa Kaptembwo kuna fundi wa kufunga upya mota, ndiye ninayemtegemea. Ni mwanaume wa makamo, kazi yake ni pampu za maji na mota za kusaga unga, na mkono wake ni safi, sitamnyima hilo. Lakini ni mtu wa mota. Nilimpigia simu kwa sababu goti lilikuwa linaniuma, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

"Nifungie transfoma ya sauti," nikamwambia. "Kilo nne upande wa valvu, nane upande wa spika. Ya valvu uniachie mguu wa waya katikati."

"Kilo nne, na nane," akarudia.

"Hivyo hivyo."

Kesho yake akanipigia.

"Mzee, hiyo nane upande wa spika. Una uhakika? Si ni nyingi?"

"Spika ni yako?"

"Hapana, mzee, nauliza tu. Kwa sababu itakuwa kubwa, hii. Itaingia kwa hilo sanduku?"

Sasa mimi nimefanya hii kazi tangu huyu mtu akiwa hajui kufunga kamba ya kiatu. Nikaona anataka kunifundisha. "Wewe funga," nikamwambia. "Nane nimesema nane. Mambo ya sanduku niachie mimi."

"Sawa, mzee. Mimi ni wa kufunga tu."

Siku zikaenda. Mwanamuziki alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni: "Fundi, imefika wapi?" Nami namwambia iko njiani. Mwishowe, Jumatano ya wiki ile ile ya mwisho, nikasikia bodaboda inaunguruma nje kama imebeba ng'ombe. Nikatoka. Nyuma ya mwendeshaji ameketi fundi wa mota, na katikati yao, imefungwa kwa mipira, kuna chuma cheusi saizi ya jiko la hoteli. Gurudumu la nyuma limelala chini.

"Mzee," akasema mwendeshaji, "hii ni nini, jiwe la kusagia? Mimi nilibeba marehemu mara moja na alikuwa mwepesi kuliko hii."

Wakaishusha watu watatu. Nikaizunguka. Imefungwa vizuri, waya umelala kama nywele zilizosukwa, mguu wa katikati uko. Chuma chake alikitoa kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa. Nikahisi kichwa kinapata moto.

"Nilikwambia kilo nne!"

"Na ni kilo nne, mzee. Lete mizani. Nne huku, nane huku."

"Kilo nne ya nini?"

"Ya waya! Kilo ya nini tena? Waya ya shaba tunanunua kwa kilo. Nilimaliza dukani yote, nikaenda mpaka mtaa wa Rhonda kutafuta nyingine."

"Kilo ni elfu!" Nilikuwa napiga kelele, na mama wa duka la nguo la karibu ametoka kutazama. "Kilo nne ni elfu nne! Hata mtoto anajua!"

"Mzee," akasema yule fundi, pole pole, kama anaongea na mgonjwa, "kilo ni kilo. Nenda sokoni uitishe kilo mbili ya viazi. Kama watakupimia viazi elfu mbili, mimi hii nitaila."

Mwendeshaji alicheka mpaka akaketi chini. Mama wa nguo naye. Na mimi nimesimama kwa mlango wa duka langu, na transfoma ya kutosha kuwasha mtaa.

Bado nasema neno lilikuwa sahihi. Mhindi alisema kilo, na alikuwa sahihi, na mimi nikasema alivyosema. Lakini usahihi huo haukuingia kwenye sanduku.

Fundi akakasirika, na alikuwa na haki yake. "Nilikupigia simu nikauliza," akasema. "Ukanifokea." Akafunga chuma chake tena kwa mipira akaenda, hakuniambia kwaheri. Waya angeufungua autumie kwa mota zake, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni Jumamosi. Nikapiga simu, hashiki. Nikapiga tena, hashiki.

Asubuhi nikaenda Kaptembwo mwenyewe na hilo goti. Nilimkuta ameinama juu ya pampu. Hakuinua kichwa. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kuomba msamaha sikuomba, lakini nilikaa, na mtu wa umri wangu akikaa kwenye ndoo hiyo inatosha.

"Kuna mzee Mai Mahiu," nikamwambia, "Jumamosi hii ananyang'anywa mahali pake."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiendelea kukaza nati. Kisha akaniuliza, "Kila mzunguko mmoja wa spika, unataka mingapi ya valvu?"

"Ishirini na mbili na kidogo."

Akaweka spana chini. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Mizunguko naelewa. Wacha hizo kilo zako."

Tukaanza pale pale. Alitafuta chuma cha saizi inayofaa, nikakataa cha kwanza, akakataa nilichochagua, tukakubaliana kwa cha tatu tukiwa wote tumenuna. Nilimwonyesha namna ya kupishanisha: valvu kidogo, karatasi, spika kidogo, karatasi, valvu tena, ili sauti nyembamba isipotelee ndani. Yeye hakuona maana yake. Mota haijali sauti nyembamba. "Ni kazi mara mbili," akasema. "Ndiyo," nikamwambia, "ni kazi mara mbili." Alikuwa anazungusha mkono wa mashine, mimi nahesabu kwa sauti, na tulikuwa tumeingia mamia mengi ya mizunguko simu yangu ilipolia.

"Fundi, imefika wapi?"

Hesabu ikapotea. Nilimwambia mwanamuziki maneno ambayo siwezi kuandika. Fundi wa mota akatazama dari, akavuta pumzi, akaanza kufungua waya wote upya. Nikazima simu. Siku hiyo iliisha hivyo. Iliyofuata tuliichovya kwenye vanishi, na kwa vile hakukuwa na muda wa kukauka, tukaining'iniza juu ya jiko la makaa tukiigeuza kama nyama, huku yeye akilalamika kwamba wateja wake wa pampu wamekuja wakamkuta anachoma transfoma.

Ilipofungwa ndani ya sanduku, na mashimo manne ya zamani yakapata skrubu zake, nikaunganisha spika, nikaangalia waya wa spika mara mbili, nikawasha. Valvu zikawa nyekundu polepole. Nikagusa waya wa gitaa kwa kidole, spika ikajibu. Sauti nene, safi, mpaka chini. Hakukuwa na mtu dukani wa kumwambia, na labda ni vizuri, maana ningejisifu vibaya.

Jumamosi nilikwenda nayo mwenyewe kwa pikapu ya jirani, kwa sababu huyo mwanamuziki sikumwamini na waya. Tulifika Mai Mahiu tumechelewa, mwanamuziki na gitaa lake tumembeba njiani. Malori yamejaa pande zote mbili za barabara. Na ndani, mahali pake, ameketi mwalimu wa kwaya na kinanda chake, ngoma zinapiga zenyewe kupitia spika moja ya plastiki inayokwaruza kama koo lenye kikohozi.

"Mmechelewa," akasema mwenye hoteli, mama mnene mwenye aproni. "Mwalimu ameshaanza."

Mwanamuziki alivuta sanduku hadi ukutani, akachomeka, akangoja valvu zipate moto, akapiga. Vidole viwili havikunji, lakini vile vingine vilifanya kazi ya vyote. Dereva mmoja aliyekuwa anatafuna akasimamisha taya. Mwingine akageuza kiti kizima. Hata mimi, niliyemjua, nilikuwa sijamsikia hivyo, maana miaka yote alikuwa anapiga ndani ya gunia.

Mwalimu wa kwaya alizima ngoma zake kwa adabu. Wimbo ulipokwisha, yule mama akakaribia, mikono kiunoni, macho yake yamekwama kwenye sanduku wala hayamwangalii mpigaji.

"Hiyo inaweza kubeba na kinanda?"

"Inaweza," akasema mwanamuziki.

"Nani amekwambia inaweza?" nikauliza.

"Basi chomekeni pamoja," akasema mama. "Hii spika ya plastiki inanifukuzia watu. Mtapiga wawili. Na wewe mzee wa gitaa, mwenye sanduku, huendi popote. Kila Jumamosi nikuone."

Mwalimu tayari alikuwa amechomoa waya wake anaunyoosha. Nikasimama katikati. Nikawaeleza kwamba hii transfoma nimeichagulia gitaa, nyuzi sita, vidole vya mzee. Nikawaeleza kwamba zile ngoma za kinanda zinapiga chini, zinasukuma chuma mpaka kinashiba, na kikishiba kinapata moto, na nimetoka kuhesabu mizunguko yake mara mbili kwa mdomo wangu huu.

"Fundi," mwanamuziki akaniambia kwa sauti ya chini, akinishika kiwiko. Macho yake yalikuwa yamelowa na anatabasamu kama mjinga. "Si umesikia? Kila Jumamosi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Wakachomeka. Ngoma zikaanza, vioo vya hoteli vikatetemeka, madereva wakapiga meza, na gitaa likapanda juu yake kama hakuna shida yoyote duniani. Mimi nilivuta stuli nyuma ya sanduku, nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha transfoma, nikakiacha hapo. Kifuniko kilikuwa vuguvugu. Wimbo wa pili kikawa moto kidogo. Wa tatu, moto kidogo zaidi.

Mama mwenye hoteli akaniletea sahani ya mbavu, ya bure, na kachumbari.

"Kula basi, mzee. Inapoa."

"Haipoi," nikamwambia. "Nimeishika hapa, haipoi hata kidogo."